"Mlizijuaje?" Kisa cha kijana mmoja, kofia ya elektrodi na neno "sauti"

Kuhusu kisa hiki

Umri, kazi, mtaa na mambo ya familia nimeyabadilisha ili mhusika asijulikane. Kituo tulichofanyia kazi sikitaji, wala mtafiti aliyeongoza; humu nitamwita Dokta, kama tulivyokuwa tukimwita. Kijana nitamwita Kijana, kwa sababu kila jina la kubuni nililojaribu lilikuwa jina la mtu ninayemfahamu. Yeye na mama yake wamekubali kisa chao kifundishie wengine.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Kwenye utafiti ule kazi yangu ilikuwa kuwavalisha watu kofia ya elektrodi, yaani vidude vinavyonasa umeme mdogo wa ubongo kupitia ngozi ya kichwa, kuwasomea maelezo na kukaa nao chumbani. Kwa hiyo kosa kubwa la siku ya kwanza lilitoka mdomoni mwangu.

Usuli

Kijana ana miaka 20 na kitu, amezaliwa na kukulia Dar es Salaam, upande wa Temeke. Alimaliza kidato cha nne. Alipofika miaka 19 akaanza kujifungia ndani, akaacha kuoga, akawa analala na mto juu ya masikio. Nyumbani walisema ni majini. Akasomewa, akapewa kombe. Baadaye jirani akashauri maombi. Hospitali ikaja mwisho, baada ya mwaka mmoja na nusu hivi. Simlaumu mtu. Njia hiyo wameipitia wengi ninaowahudumia, na mama yake kila alipobisha hodi alikuwa anatafuta nafuu ya mwanawe.

Hospitali wakasema ni skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mara nyingi humfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii. Alianza na dawa ya haloperidol, akakakamaa shingo na taya, akabadilishiwa risperidone. Tulipokutana naye alikuwa ametulia. Sauti zake mbili, ya mwanaume na ya mwanamke, zilikuwa zimefifia bila kuisha.

Ila nyumbani hawakuwa wanalalamikia sauti. Kijana alikuwa anamsaidia mjomba wake kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mjomba alishachoka. Akimwambia, "Nenda stoo, lete misumari ya inchi 4 kilo mbili, bawaba jozi tatu na kopo la rangi nyeupe," Kijana anarudi na misumari. Akiulizwa vingine viko wapi, anabaki anamwangalia. Mjomba alishampa jina lake: jeuri.

Utafiti ulikuwa unatafuta nini

Dokta alitaka kuona kama vitu viwili vinakwenda pamoja: namna ubongo wa mtu mwenye skizofrenia unavyoitikia milio, na uwezo wa mtu huyo kukumbuka, kuzingatia na kupanga mambo, yaani utambuzi.

Wanaoutazama ugonjwa huu kwa mbali huona kuongea peke yako na kushuku watu. Sisi tunaokaa na wagonjwa tunajua kwamba kinachoamua kama mtu atarudi kazini mara nyingi ni utambuzi. Kwa wastani, kwenye majaribio ya utambuzi, watu wenye skizofrenia huwa chini ya wasio na ugonjwa kwa mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani) mmoja au zaidi. Pengo hilo si dogo, na kwa wengi lilianza kabla ya sauti. Dawa zetu, tangu klopromazini ilipoingia mwaka 1952, nyingi hufanya kazi kwa kuziba vipokezi vya dopamini, yaani sehemu za seli zinazopokea kemikali hiyo ya ubongo. Zinapunguza sauti, na hilo ni jambo kubwa. Kumbukumbu haziirudishi kwa kiasi cha kumridhisha mjomba.

Jaribio lenyewe halina maumivu. Mtu anavaa kofia na hedifoni, anaangalia video isiyotoa sauti. Masikioni zinapita tii fupi fupi, mbili kwa sekunde, zote sawa. Moja katika kila kumi hivi inakuwa ndefu kidogo, milisekunde 100 badala ya 50. Mtu haambiwi ahesabu wala abonyeze kitu. Ubongo wenyewe unashtuka: kati ya milisekunde 100 na 250 tangu tofauti ianze, sehemu ya mbele ya kichwa inatoa wimbi dogo hasi. Wimbi hilo huitwa MMN, kifupi cha Kiingereza cha "mismatch negativity", na lilielezwa mwaka 1978 na Mfini Risto Näätänen na wenzake. Mwaka 1991 ikaripotiwa kwamba kwa watu wenye skizofrenia ni dogo kuliko kawaida, na tangu hapo limepimwa tena na tena sehemu nyingi duniani. Ukubwa wake ni mikrovolti chache tu, limezama ndani ya mawimbi makubwa kuliko lenyewe, ndiyo maana milio inapigwa mamia kwa mamia kisha wastani unachukuliwa.

Kinachowavutia watafiti ni kwamba wimbi hili linategemea vipokezi vya kemikali nyingine ya ubongo, glutameti, vya aina iitwayo NMDA. Ketamini, dawa ya usingizi ambayo vyumba vya upasuaji hapa nchini vinaifahamu vizuri, huviziba vipokezi hivyo. Watu wazima wa afya wakipewa kwa kipimo kidogo, MMN yao hupungua na utambuzi wao huyumba kwa muda. Ndipo watu wakaanza kusema kwamba dopamini peke yake haimalizi habari ya ugonjwa huu.

Kulikuwa na jaribio la pili, milio 40 kwa sekunde, inayosikika kama nyuki ndani ya chupa. Ubongo huufuata mdundo huo. Kwenye skizofrenia huufuata kwa ulegevu, kama ilivyoonyeshwa mwaka 1999. Hapa kwetu jaribio hili lina adha yake. Umeme wa TANESCO unazunguka mara 50 kwa sekunde, na 40 na 50 ni wapangaji wa chumba na sebule: kila waya wa ekstensheni na kila friji ya chumba cha pili inaingia kwenye rekodi. Tulikuwa tunazunguka jengo tukichomoa vitu ukutani kama mwenye nyumba mwenye wivu na LUKU yake.

Siku ya kwanza

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa pili, joto lile la Dar linalokufanya uoge mara tatu. Umeme ulikatika saa tatu asubuhi ukarudi saa tano kasoro. Ratiba ikabanana, na kwa haraka hiyo tukaruka hatua moja: kupima kwanza kama masikio yanasikia sawasawa. Nitairudia.

Kijana alikaa kwenye kiti bila shida. Nywele zake zilikuwa fupi, kazi ikawa nyepesi. Nilijaza jeli kwenye matundu ya kofia moja moja kwa sindano butu, huku jasho la shingo yake likiniambia kwamba mawimbi yatapanda na kushuka kama bahari ya Kigamboni; kiyoyozi tulikuwa tunakizima wakati wa kurekodi. Kisha nikamsomea fomu kama ilivyoandikwa:

"Utasikia sauti kupitia vifaa vya masikioni. Usizijali. Endelea kuangalia video."

Akauliza, "Sauti gani, sista?"

"Za kawaida tu."

"Zinasema nini?"

"Hazisemi kitu, mdogo wangu. Wewe usizisikilize."

Nimeyaandika mazungumzo haya kama yalivyokuwa, na kila nikiyasoma naona aibu.

Dakika ya saba skrini ikachafuka. Mistari yote ya pembeni ikawa minene, dalili kwamba mtu amekaza taya. Nikaingia ndani. Kijana alikuwa analia kimya kimya, macho yako kwenye video ya samaki. Hakugeuka. Akasema taratibu, "Sista, mlizijuaje?"

"Nini?"

"Hizi. Mlizijuaje mpaka mkaziweka humu?"

Akavua hedifoni kwa uangalifu, akaiweka mezani kama mtu anayeweka simu ambayo bado haijakatwa. Akainuka, waya zikamvuta, akakaa tena. Nilipomfungua akaenda kusimama mlangoni, jeli inamchuruzika mpaka kwenye nyusi. Mama yake alikuwa kwenye benchi la koridoni. Alipomwona hakupiga kelele, aliniuliza mimi kwa sauti ya chini: "Mmemfanya nini mwanangu?"

Tulichoamua, na kwa nini

Fundi wetu wa kompyuta alipendekeza Kijana apumzishwe dakika kumi kisha tumalizie, kwa kuwa dakika saba zilikwisha patikana na zilibaki kama kumi na tatu tu. Namwelewa, kila kikao kilikuwa na gharama, na umeme ungeweza kukatika tena. Nilikataa. Mtu akisema "sawa" huku anatetemeka hajakubali kitu. Dokta aliposikia maneno "mlizijuaje" aliifunga kompyuta yeye mwenyewe, na rekodi ile haikutumika kwa lolote.

Daktari wa magonjwa ya akili wa timu alikuja akakaa na Kijana faragha. Aliuliza yale ya lazima: je, sauti zinamwamuru chochote, je, ana wazo la kujidhuru au kumdhuru mtu. Hapana. Dawa anameza. Hakukuwa na sababu ya kumlaza.

Mimi nilichukua kazi ndogo, kumwosha nywele. Jeli ikikauka inakuwa kama wali ulioganda. Tulisimama kwenye sinki, nikachanganya maji ya birika na ya bomba, akainama. Kumbe mtu akiwa ameinamisha kichwa, hakuangalii usoni, maneno yanatoka. Akaniambia sauti zake huwa zinamtangaza kama mpira wa redioni: sasa anakaa, sasa anavaa kofia, sasa anaogopa. Tii zilipoanza, naye ameshaambiwa na mimi kwamba atasikia sauti, akaelewa kwamba tumezinasa za kwake, tumeziingiza kwenye mashine, na tunamrudishia tuone atafanya nini.

"Halafu ukasema nisizijali," alisema. "Kliniki nao wanasema hivyo hivyo."

Ndivyo tunavyosema. Nimeshawaambia wagonjwa wangapi, ukisikia sauti usizijali. Fomu ya utafiti ilikuwa imetumia, neno kwa neno, lugha ya kliniki ya kuzungumzia ugonjwa wenyewe.

Tulimweleza waziwazi kwamba ile ilikuwa milio ya kompyuta, kwamba hakuna mashine inayoweza kuzisikia sauti zake, na kwamba maelezo yetu ndiyo yaliyokuwa mabovu. Mama tukamwomba radhi. Tulilipa bajaji ya kuwarudisha. Tarehe ya kurudi hatukuitaja, kwa makusudi: akitaka atatutafuta.

Wiki tatu za kubishana juu ya neno

Kiswahili kinaita "sauti" kitu kinachotoka kooni mwa mtu na kitu kinachotoka kwenye redio, kwenye ngoma, kwenye kompyuta. Kwa matumizi ya kila siku haisumbui. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake unaitwa kwa neno hilohilo, ni mtego.

Tukakaa kutafuta neno lingine. "Kelele" ilikataliwa haraka. Kelele ni usumbufu, unamwambia mtu ajiandae kukasirika. Mtu mmoja alipendekeza "ishara za kiakustika", tukacheka mpaka chai ikamwagika. "Mlio" ulipingwa na fundi wa kompyuta: mlio ni wa mnyama, au wa simu, au wa bunduki. Hasa! Mlio ni wa kitu kisichozungumza. Ndugu wa kupinga akawa ametupa hoja yetu.

Fomu ilirudi kwenye kamati ya maadili na marekebisho. Tuliongeza hatua moja kabla ya kofia: milio ipigwe kwanza kwenye spika ya wazi, mshiriki akiwa na ndugu yake.

Wiki ya pili mama alipiga simu. Kijana anauliza, je, bado anahitajika?

Kurudi

Safari hii niliweka spika mezani, mama kando. Tii, tii, tii, tiii, tii. Kijana alisikiliza kidogo, akamgeukia mama yake.

"Na wewe unasikia?"

"Nasikia, mwanangu. Kama LUKU ikikaribia kuisha."

Akacheka. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka. Akasema basi ni sawa.

Halafu tukapima masikio, na sikio la kushoto likawa limezibwa na nta. Maana yake ni kwamba hata kama siku ya kwanza angetulia hadi mwisho, rekodi ile isingetufaa, na pengine wimbi dogo tungelisingizia ugonjwa wa akili kumbe ni nta. Alipewa matone, akarudi baada ya siku nne, sikio likasafishwa, usikivu ukawa mzuri pande zote mbili. Kurekodi kulichukua dakika 20 na ushee. Alisinzia mara moja tu.

Majaribio ya utambuzi yalikuwa na mambo yake. Hadithi fupi ya mwanamke aliyekwenda sokoni aliirudia mwanzo na mwisho, katikati hakuna. Tarakimu alizirudia tano kwa kwenda mbele, mbili tu kwa kurudi nyuma. Kisha likaja jaribio la kutaja maneno mengi kadiri uwezavyo kwa dakika moja, yanayoanza na herufi moja. Kiingereza hutumia F, A na S. Sisi tulikuwa tumechagua K.

"Kula," alianza. "Kulala. Kuoga. Kukaa. Kukimbia. Kupika. Kufua..." Hakukwama. Alipofika 20 nikasimamisha kalamu nikamwangalia. Akatabasamu: "Sista, hii rahisi. Unaweka ku."

Kijana asiyeweza kubeba oda tatu kutoka stoo alikuwa ameona tundu ambalo timu nzima yenye shahada zake haikuliona.

Mama na majibu

Mama alikuwa amevumilia mpaka hapo. Baada ya wiki moja akaja peke yake, kanga ya pili begani, akauliza: "Majibu yametoka?"

Neno la pili lililotuponza ni "kupima". Fomu yetu ilisema "tutapima ubongo wako". Kwa Mtanzania yeyote, ukipimwa kuna majibu: una malaria au huna, damu inatosha au haitoshi. Mama alikuwa amekaa mwezi mzima akisubiri karatasi itakayomwambia kama kichwa cha mwanawe ni kibovu, na kwa nini.

Wimbi la Kijana lilikuwa dogo kidogo kuliko wastani wa watu wa kulinganisha. Linasema nini? Kwa mtu mmoja, karibu hakuna. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi mwaka 2005 ulikuta tofauti ya MMN kati ya makundi mawili ni kama mkengeuko sanifu mmoja. Kwa watafiti hiyo ni tofauti kubwa. Lakini piga hesabu yake upande wa pili: ukimchukua mgonjwa mmoja na mtu mmoja asiye na ugonjwa huu bila kuchagua, kama mara 24 kati ya 100 mgonjwa ndiye atakayekuwa na wimbi kubwa zaidi. Hakuna daktari anayeweza kusimama juu ya kitu kama hicho akamwambia mtu "unaumwa" au "umepona".

Dokta alitaka tumwambie mama kwamba utafiti hautoi majibu, basi. Kisheria alikuwa sahihi. Mimi niliona kwamba mama aliyepanda daladala mbili hawezi kurudi na sentensi hiyo. Tulikubaliana kwamba daktari wa timu, kwa ruhusa ya Kijana mwenyewe, akae nao wawili aeleze vitu viwili: kwamba wimbi ni la kulinganisha makundi, na kwamba majaribio ya kukumbuka yanalingana na yale wanayoyaona dukani. Kijana hawezi kushika maagizo matatu kwa pamoja. Hajaamua kutoyashika.

Mama alinyamaza kidogo. Akasema, "Kwa hiyo si jeuri."

"Si jeuri, mama."

Hapo ndipo mmoja wetu, kwa huruma tu, akamchapishia mama mchoro wa mawimbi wa mwanawe, rangi ya bluu na nyekundu, aende nao nyumbani.

Matokeo

Mjomba alikubali kuandika oda kwenye kipande cha boksi, Kijana anakwenda nacho stoo. Ilifanya kazi wiki mbili. Mjomba akachoka kuandika, akarudia kufoka. Binti wa mjomba ndiye aliyeshika utaratibu, anamtuma kimoja kimoja, na zamu yake ikiwepo Kijana anamaliza siku bila ugomvi. Kliniki waliandika kwenye faili lake kwamba maelezo ya dawa yawe mafupi na yaandikwe. Sauti bado zipo, za kuja na kuondoka.

Ule mchoro nilikutana nao tena baada ya miezi mitatu. Mama aliutoa kwenye pochi kliniki ili amwonyeshe daktari mgeni. Alikuwa ameupeleka steshenari ukapigwa lamineshen. Alishauonyesha kwa watu wawili wanaotibu kwa njia zao, na mmoja aligusa kilima cha bluu akasema hapo ndipo mzigo ulipo, akamtajia bei.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kusimama. Kama tungemalizia zile dakika kumi na tatu tungepata rekodi ya mtu aliyekaza taya, sikio moja limezibwa, anaamini tumemwingilia kichwani. Na tungempoteza. Spika ya wazi nayo imebaki kwenye utaratibu wetu, kwa sababu inamjibu mshiriki swali ambalo muuguzi hawezi kumjibu kwa maneno: je, na mwingine anasikia?

Kilichoshindikana kinahitaji maelezo marefu kidogo. Fomu yetu haikuandikwa ovyo. Ilitafsiriwa kutoka Kiingereza, mtu mwingine akaitafsiri kurudi Kiingereza, zikalinganishwa, zikafanana. "Sauti" ilirudi vizuri kabisa kama neno la Kiingereza la milio. Tatizo ni kwamba njia hiyo inakagua kama maana iliyokusudiwa imo. Haikagui maana nyingine zilizoingia nayo. Mtafsiri anayejua kinachotafutwa huchagua maana sahihi bila hata kuona kwamba amechagua. Mgonjwa hana msaada huo. Ilipaswa fomu isomwe kwanza na watu watatu wanne wenye ugonjwa wenyewe, waulizwe: hapa umeelewa nini? Gharama yake ni soda na nauli.

Majaribio ya utambuzi yana kasoro ya namna hiyohiyo. Herufi K kwa Kiswahili hupima kama umegundua kiambishi, hivyo tukaiacha tukabaki na kutaja majina ya wanyama. Tarakimu nazo: kuanzia moja hadi tisa, kila moja kwa Kiswahili ina silabi mbili; za Kiingereza zina moja, isipokuwa ya saba. Maneno marefu huchukua muda zaidi kuyarudia kichwani, na yanayobaki huwa machache. Ukichukua viwango vya Wamarekani ukamwekea mtu wa Mbagala, unampunguzia alama kabla hajafungua mdomo. Kuna pia lile la kuunganisha namba na herufi kwa zamu, linalodhani kila mtu ana A, B, C kichwani, wakati wengine walijifunza a, be, che. Tulilinganisha watu wetu na watu wetu tu, wenye elimu inayokaribiana, na bado sidhani tulifika.

Kuruka kipimo cha masikio kwa sababu ya ratiba ni uzembe, sina lugha nyingine. Wako wagonjwa waliougua malaria kali utotoni, waliochomwa sindano za kifua kikuu za zamani, waliokunywa kwinini. Masikio ya watu hawa usiyaamini kabla hujayapima.

Kuna waliokosekana pia. Wanawake waliosuka rasta au kushonea nywele tuliwarudisha nyumbani, kwa kuwa elektrodi haifiki kwenye ngozi ya kichwa, na hakuna anayefumua nywele za elfu hamsini kwa ajili ya nauli na maji ya chupa. Kundi letu likawa la wanaume wengi kupita kiasi. Hilo halikutokana na kisa cha Kijana, ila linatoka kwenye mfuko uleule: vifaa na fomu vilivyotengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Kuhusu mchoro, sijui ningemnyimaje mama kwa uso mkavu. Lakini karatasi yenye rangi, isiyo na maelezo, mikononi mwa familia inayotafuta sababu kwa miaka, hugeuka kuwa majibu, na majibu hugeuka kuwa biashara ya mtu. Sasa hatuchapishi. Tunaandika barua ya nusu ukurasa inayosema mshiriki alishiriki na tulichokiona kwenye kukumbuka na kuzingatia, basi. Kwenye fomu "kupima ubongo" imekuwa "kurekodi", na bado katika kila ndugu watano wanne wanauliza majibu lini.

Fomu mpya ilipokamilika nilimwomba Kijana aisome. Alichukua muda, kidole chini ya kila mstari. "Mlio" aliupitisha. Alisimama kwenye "usiijali", akaniomba kalamu.

"Hii toa," alisema. "Ukimwambia mtu asisikilize, ndiyo anasikiliza."

Nikamuuliza tuweke nini badala yake. Akafikiri. Sasa sehemu hiyo inasomeka: "Utasikia milio, kama ya LUKU ikikaribia kuisha. Angalia video."